Chupa Isiyokauka

Jumanne, 2 Machi 1954
Mvua. Temeke yote tope. Leonardi kaanza kazi dispensari yetu leo, dresa mkuu, msimamizi wetu sisi waosha vidonda. Mkubwa wangu! Umri wake haufikii wa koti langu. Mie nilianza Mahenge, kwa mapadri, nafagia wodi. Kusoma nilijifunza kwenye vibandiko vya chupa za dawa, hakuna aliyenishika mkono. Yeye ana cheti. Haya.
Kanisalimu kwa adabu — shikamoo, Mzee Albano. Nikaitikia. Shikamoo haipandishi cheo.
Kizibo cha kioo cha ile chupa kubwa ya kuoshea vidonda kilivunjika mwezi jana. Ombi la kingine halijajibiwa. Nimechonga cha gome laini, kutoka kizibo cha chupa ya mvinyo wa altareni. Kimekaa barabara. Leonardi kakigeuza geuza, kakirudisha.

Ijumaa, 5 Machi
Bi Mwajabu, mama mwenye nyumba ninayopanga, kamwagikiwa mafuta ya maandazi. Mguu wa kushoto, goti mpaka kisigino. Na kiganja cha mkono, kidogo. Kaletwa juu ya rikwama, njia nzima anamgombeza bintiye Zuena kwamba maandazi yaliyobaki karaini yanaungua!
Mguu nimeuosha mwenyewe. Kiganja hakutaka kiguswe, Zuena alishakipaka asali. Nikamwambia asali ni ya kula.
"Basi na wewe kunywa hiyo dawa yako, tuone."
Mdomo wa mtoto yule!
Dawa ni hii mpya, inatoa povu kama sabuni. Sehemu moja kwa mia ya maji yaliyochemka. Napima, sikisii. Na chupa yangu haikauki. Ikibaki robo naongeza. Mama alitufunza mtungi haulali mtupu, hata mgeni wa usiku akute maji. Dresa aliyenitangulia alikuwa akimwaga yote na kuanza upya. Uharibifu tu.

Jumatatu, 8 Machi
Kidonda cha Bi Mwajabu kimegeuka. Usaha wa kijani, bandeji nayo kijani. Harufu tamu tamu, kama mapera yanayoanza kuoza. Na mwashi mmoja wa Keko, aliyejikata kwa shoka, hivyo hivyo. Na mama mmoja mwenye jipu.
Wanapaka uchafu wao huko majumbani, kisha lawama kwetu. Nimeandika hivyo katika taarifa.
Leonardi kaanza kumchoma Bi Mwajabu penisilini. Nje watu wamejipanga, kila mtu anaitaka sindano hiyo. Marijani, fundi baiskeli, ana mafua tu na kashafungua vifungo vya shati. Nikamwambia penisilini haitibu mafua. Akasema, "Sema mnawawekea wakubwa, braza."

Jumatano, 10 Machi
Penisilini haijafanya kitu. Mguu wa Bi Mwajabu umevimba, kijani kimezidi.
Jioni napita kwa Marijani. Anawaambia wenzake, kwa sauti nisikie, kwamba penisilini ya Temeke inanyeshewa mvua njiani. Wakacheka. Maana yake naiuza, najazia maji. Mie! Nikapita zangu. Ukimjibu fundi baiskeli kesho pancha zako zote ni zake.
Leonardi kaniuliza maji nachemsha wapi, chupa naiosha lini. Nikamwambia chupa ya dawa haioshwi, dawa yenyewe ndiyo inaiosha. Kachukua pamba, kagusa kidonda cha Bi Mwajabu, kaitia kwenye kichupa. Halafu matone ya dawa kutoka chupa yangu, kichupa kingine.
"Unapima kidonda au unanipima mie?"
"Vyote, mzee. Usinikasirikie."
Kavipeleka mjini, maabara. Wanaotesha vijidudu juu ya rojo, kwenye visahani vya kioo. Aoteshe. Dawa inaua, itaotaje?

Jumamosi, 13 Machi
Daktari mzungu kaja na gari. Kaushika mguu wa Bi Mwajabu muda mfupi, kasema homa ikiendelea mpaka Jumatatu atachukuliwa hospitali, wamkate juu ya goti. Nimefasiri mie. Nilitafuta neno laini, sikulipata.
Bi Mwajabu kasikiliza mpaka mwisho. "Na jikoni nisimame kwa mguu wa nani? Wa huyo mzungu?" Zuena katoka nje.
Nimemwosha tena. Asubuhi na jioni, kama kawaida. Anasema mkono wangu mwepesi, wa Leonardi hautaki.
Kile kiganja chake nimekiona. Kikavu. Ngozi mpya, nyekundu, safi. Mtu yule yule, mafuta yale yale, nyumba ile ile. Mguu naosha mie. Kiganja sikukigusa.
Sijui kwa nini naandika hili.

Jumatatu, 15 Machi
Leonardi kaniita stoo, kafunga mlango. Visahani viwili mezani. Cha kidonda — kijani. Cha chupa yangu — kijani, na kimejaa zaidi.
Nikasema wamechanganya. Akasema hata yeye alidhani hivyo, kawarudishia wapime tena, ikatoka vile vile. Kasema ni kizibo. Gome linainyonya dawa nguvu, na vijidudu vinakaa humo humo ndani. Mie naongeza dawa mpya juu ya ile ya zamani, navilisha. Na kijidudu hiki penisilini hakiiogopi.
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
"Wagonjwa tusiwaambie, mzee. Tubadilishe tu. Taarifa nitaandika mie."
Chupa nimeimwaga, nimeichemsha mwenyewe. Kizibo nimekitupa jikoni motoni. Nimechanganya dawa mpya kwenye chupa ndogo ya kizibo cha kioo, nikaenda nyumbani kwa Bi Mwajabu. Homa ipo. Gari la hospitali limeshafika, dereva analalamikia tope. Bi Mwajabu kashika nguzo ya kitanda, haondoki mpaka mie nimwoshe kwanza. Nikakaa, nikafungua bandeji. Akaiona chupa ndogo.
"Hii siyo. Ile yako kubwa iko wapi, Albano? Mie naiamini ile."
Zuena kasimama mlangoni. Anakitazama kile kiganja cha mamake, kisha ananitazama mie.
Nikasema naenda kuileta.
Sasa nipo stoo. Naandika nimesimama. Chupa ipo mbele yangu, kinywa wazi, haina hata tone. Nikiijaza dawa mpya, Bi Mwajabu hatajua kitu. Honi ya gari la hospitali inasikika mpaka huku. Nikirudi mikono mitupu itabidi niseme kwa nini, na Zuena yupo pale.
Zuena anabisha hodi. Kanifuata.