Tundu Moja Chini

Jumanne, 3 Septemba

Leo nimedanganya kwa filimbi. Sikujua kama inawezekana.

Yalikuwa mazoezi yangu ya kwanza na kundi la Babu, katika nafasi ya marehemu Arlo. Tuko wanne, hakuna ala, ni sauti tupu. Babu anabeba wimbo, Mzee Lyle anaimba juu yake, Mzee Wendell besi, na mimi baritoni – yaani noti zilizobaki ambazo hakuna aliyezitaka. Inanifaa. Baritoni akiimba vizuri hakuna anayekumbuka kwamba yupo.

Baritoni pia ndiye mshika filimbi. Ile ya duara, yenye matundu ukingoni, kila tundu na noti yake. Inapulizwa mwanzo ili wote tushike ufunguo, yaani kimo cha sauti cha kuanzia. Babu ana desturi ya kutaka ipulizwe tena mwisho, ahakikishe sauti zetu hazijashuka chini ya pale tulipoanzia. Leo tulishuka. Babu alianza kuteremka ubeti wa pili, na wenzake wakateremka naye, taratibu, kama watu waliozoea.

"Haya, filimbi," Babu akasema.

Nikaweka mdomo kwenye tundu tuliloanzia. Mzee Wendell akanikazia macho. Kidole chake kikazunguka hewani: geuza. Nikageuza. Tundu moja chini. Nikapuliza pale tulipokuwa tumeangukia.

"Mmesikia?" Babu akasema. "Uzee huu wote na bado niko palepale."



Alhamisi, 5 Septemba

Mzee Wendell alinisubiri nje ya shule. Aliendesha basi la shule hii mpaka akastaafu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona. Tukakaa garini kwake.

Anasema Arlo alikuwa akifanya hivyohivyo tangu majira ya baridi. Masikio ya Babu yamekwisha. Nikauliza kwa nini hawamwambii.

"Umwambie nini, bwana mdogo? Babu yako ameimba tangu akiwa na umri wako. Makundi matatu amezika, na medali ya dhahabu ya mashindano ya kanda hajawahi kuigusa. Mwezi ujao ndiyo mara yake ya mwisho. Tukishuka naye wote pamoja, nani atajua?"

Nikasema, waamuzi.

"Waamuzi wanawaadhibu wanaovutana. Sisi hatuvutani. Tunazama pamoja."

Nilitaka kubisha. Nikatikisa kichwa kukubali. Shuleni nusu ya masomo ni Kiingereza, nusu Kihispania, na mimi nanyamaza kwa lugha zote mbili.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada, kwenye kahawa, Babu kanishika bega mbele ya watu.

"Huyu ana sikio! Tangu aingie hatujashuka hata unywele. Arlo, Mungu amrehemu, kuna siku alikuwa anachechemea."

Arlo, aliyemfichia mpaka anakufa. Mzee Lyle alikuwa karibu, akakoroga kahawa ambayo haina sukari.

Jumanne, 24 Septemba

Matundu mawili chini.

Na leo kuna kitu sikukifikiria. Ule wimbo wetu wa treni unaishia kwa besi kwenda chini kabisa, karibu na mwisho wa koo la mwanadamu. Ufunguo ukishateremka, noti ile inakuwa imepita mwisho huo. Mzee Wendell akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Kama tairi.

"Wendell, noti yangu iko wapi?"

"Nina mafua, Harlan."

"Mafua gani hayo? Joren, puliza."

Nikapuliza pale tulipoangukia. Ningefanya nini?

"Ufunguo uko sawa," Babu akasema. "Basi ni wewe."

Mzee Wendell akaitazama filimbi, hakunitazama mimi. "Labda ni uzee."

"Mimi nimekuzidi umri na sijatetereka."

Jumatano, 25 Septemba

Nilikuwa naosha vyombo. Babu alikuwa kwenye simu, nyuma yangu.

"Wendell, ndugu yangu, wewe pumzika. Utakuja ukumbini utusikilize." Akasikiliza. Kisha: "Hapana, mtoto hajasema kitu. Filimbi ndiyo imesema."

Amepata besi mwingine, kijana wa mji wa Grand Rapids anaitwa Trent.

Nilisuuza sahani moja mpaka maji ya moto yakaisha.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Wendell kumwambia kwamba nitasema ukweli. Nilijiandaa njia nzima. Kanikaribisha soda, kanikatiza kabla sijamaliza.

"Ukisema sasa, utakuwa umetuondoa mimi na babu yako wote wawili. Mwache aende mmoja."

"Lakini si kosa lako, Mzee."

"Wazo lilikuwa la nani?"

Kisha akaniletea kizibao chake cha milia, kile tunachovaa jukwaani, kimepigwa pasi, kiko kwenye nailoni. Nimpelekee huyo Trent. Alisema mabega yao huenda yakalingana.

Jumanne, 1 Oktoba

Trent amekuja. Mtu mpole. Kizibao kinamkaa vizuri, na hilo nalo limeniuma.

Tukaimba ule wa treni. Babu akaanza kuteremka. Mzee Lyle akamfuata. Trent hakufuata – hakuna aliyemwambia, yeye anaimba ufunguo aliopewa. Sauti ikachanika katikati. Mimi nikiwa humohumo kwenye mpasuko. Sijui niliimba nini. Besi yake ilifika chini kabisa, ikasimama peke yake.

"Filimbi," Babu akasema. Kwa huzuni, maana alishaamua kwamba Trent pia hafai. Niliiona usoni mwake. Angemwondoa na huyu. Kisha Lyle.

Nikapuliza tundu tuliloanzia.

Noti ikatoka ikiwa mbali juu yetu. Trent akaitikia kwa kichwa: ndiyo yenyewe.

"Umekosea tundu, mjukuu wangu," Babu akasema. Bila ukali. "Rudia."

Nikarudia. Palepale.

"Joren."

"Sijakosea, Babu. Siku zile nyingine ndiyo nilikuwa nageuza."

"Tangu lini?"

Mzee Lyle akajibu yeye. "Tangu enzi za Arlo, Harlan. Wendell yuko sawa kabisa."

Babu akaichukua filimbi mkononi mwangu. Akavaa miwani, akaisoma ukingo wote, herufi kwa herufi. Kisha akamwomba Trent radhi kwa safari, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akapita kati yetu kama tuko kanisani, akashuka chumba cha chini ya nyumba.

Yuko huko hadi sasa. Mama amezima televisheni. Babu anapuliza, anaimba mstari mmoja, anapuliza tena. Anaanza upya. Simu yake inalia hapa mezani, ni Mzee Wendell, hakuna anayeigusa.

Amepuliza tena. Safari hii hakumaliza hata mstari.

Ananiita. Hana hasira, anaita kama mtu anayeuliza njia. Anataka niende nimwambie, kaangukia juu au kaangukia chini, maana yeye hajui.

Ananiita mara ya pili. Bado naandika.