Herufi Mbili Kwenye Kioo

Jumanne, Temeke. Mvua haijakata tangu alfajiri.

Nimeogopa leo. Wacha niandike hivyo hivyo.

Asubuhi niliwasha kompyuta, ile ya mtumba aliyoileta kaka Sudi kutoka Dubai. Sudi aliiwekea mifumo miwili: Windows ya kuchapia mimi, na Linux ya masomo yake. Kila ikiwaka hutuuliza tunataka upi. Leo haikuuliza. Iliandika herufi mbili tu, LI, ikanyamaza.

Nikaizima, nikaiwasha. LI. Nikasoma Bismillahi, nikaiwasha tena.

LI.

Humo ndani zimo nyimbo za bibi, za Kizaramo, za kumchezea mwali. Mwaka jana aliniimbia jioni baada ya jioni, nami nachapa. Hata mama hazijui zote. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Ramadhani, bibi hasemi tena. Na flopi, kile kidiski nilichohifadhia nakala zake, imeota ukungu kwa hii masika.

Fundi wa mtaa wa pili alikuja, akasema dawa ni kuifuta diski yote tuanze upya. Nilimshukuru haraka haraka hata chai sikumpa. Alipotoka nilikaa sakafuni nikalia.

Kisha nikakimbilia kwa jirani mwenye simu, nikampata Sudi chuoni kwake Morogoro.

"Mlichomoa waya nyie?"

"Mama kachomoa tangu Ijumaa. Si radi hizi! Kaifunika na kanga kabisa."

"Basi ndo hiyo. Betri yake ya ndani imechoka. Ikikaa bila umeme inasahau ina diski ya namna gani. Vitu vyako vimo. Asiiguse mtu!"

Kwetu radi ikipiga, kila chenye waya huchomolewa na vioo hufunikwa. Ndivyo tulivyolelewa, na mama hakuona kwa nini kompyuta iachwe.

Nikafanya alivyoniambia: kubonyeza Delete mara inapowaka, kuingia kwenye mipangilio, kuiamuru iitafute diski upya, kuhifadhi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, ilikuwa inauliza: mfumo upi?

Nilipiga kelele mpaka mama akadhani nimepigwa shoti.

Nikaunakili wimbo wa kwanza kwenye karatasi, nikaenda kumsomea bibi kitandani. Kwenye ubeti wa tatu akanipiga gotini kwa ule mkono wake mzima. Nikarudia. Akanipiga tena, kwa nguvu. Kumbe nilichapa neno silo. Nikajaribu neno jingine, na jingine, hadi mkono ukatulia.

Nyimbo zimo zote. Mama ameahidi kuniita kabla ya kuchomoa waya, na kesho nanunua flopi mpya. Lakini sasa hofu imezidi ya asubuhi.

Ni wapi pengine nimekosea, na mkono ule utanisubiri mpaka lini?