Watu wa Dakika Moja

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu, na huyo mtoto ambaye mpaka leo sijambeba. Natumaini hamjambo, na kwamba vumbi la hiyo barabara mnayoijenga halijakurudishia kile kikohozi. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasoma. Najua utashangaa kupata barua, maana siku hizi nani anaandika barua? Utasema dada amezeeka kabla ya siku zake. Ukweli ni kwamba simu ya baba kaizima mwenyewe na kuifungia kabatini, na mimi nikishika yangu ili nikupigie, maneno yanagoma kutoka. Kwa hiyo mwambie wifi akuachie nafasi kidogo, kaa, usome mpaka mwisho.

Mara ya mwisho uliniuliza kama wale wa michango bado wanamsumbua baba, nikakujibu kwa mkato kwamba wameacha. Wameacha kweli. Sikukueleza walivyoacha.

Unaikumbuka ile njia nyembamba kati ya duka la dawa na benki. Hapo ndipo wanapojipanga, vijana wenye vizibao vya kijani, mmoja anakuzuia mbele na mwenzake anakupokea nyuma. Wote wana neno moja mdomoni, kwamba wanaomba dakika moja tu. Mtaa mzima unawaita watu wa dakika moja. Kinyozi wetu anasema hata ukitumbukia kisimani, wale watachungulia kwanza wakuulize kama una dakika moja. Kila mtu ana mbinu yake ya kuwakwepa. Mwalimu mstaafu anajifanya kiziwi, muuza nyama anapita akiongea na simu ambayo haina hata chaji. Sasa baba, kwa magoti yale, atamkwepa nani? Siku hiyo alikuwa anatoka kununua dawa yake ya macho. Alisimama, akashikwa mkono, akaitwa mzee wetu, akaonyeshwa picha ya mtoto anayekunywa maji ya dimbwi. Akatoa jina, akatoa na namba ya simu, akaahidi mchango wa kila mwezi. Alirudi nyumbani na kalamu ya bure isiyoandika, amefurahi kama aliyetoka harusini.

Basi simu zikaanza. Mpigaji alikuwa binti mmoja mwenye sauti ya asali, alimwita mzee ‘baba yangu’, akamuuliza magoti yameamkaje. Mimi nipo pale pale kwenye cherehani yangu, nasikia kila kitu. Baba akawa anamsimulia habari za lori lake, zile zile tulizozikimbia mimi na wewe tangu utotoni, jinsi breki zilivyokatika mlimani na yeye akaliegemeza lori ukutani taratibu bila kuvunja hata yai. Yule binti alicheka pale panapotakiwa kucheka. Kabla ya kuagana alimkumbusha mchango wa mwezi, kisha akamwomba auongeze kidogo, maana watoto wameongezeka. Baba akakubali. Nani angemkatalia mtu aliyemsikiliza mpaka mwisho wa lile lori?

Haukupita muda wakaja wa vipofu, wakaja wa mbwa waliotupwa, wakaja wa jambo ambalo hata baba hakulielewa ila alichangia. Sijui namba walipeana vipi. Wakaja mpaka mlangoni. Kinyozi alibandika karatasi kwamba hapa hatuchangii, wakagonga kumuuliza ni kitu gani kilichomvunja moyo. Sisi tulicheka, lakini nyumbani kwetu haikuwa kicheko. Niligundua chupa ya dawa ya macho iko tupu na baba anakaza macho kunitambua mlangoni. Pensheni ilikuwa inaishia kwa watu wa dakika moja. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba yeye ameshaona ya kutosha duniani, hao watoto ndio hawajaona.

Unanijua, mdogo wangu, baba hakuniita Kidomodomo bure. Nilichukua ile simu nikawaambia wamwache. Niliwaambia kwa upole, niliwaambia kwa ukali, niliwaambia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na wifi yuko karibu. Kila mara walinishukuru kwa maoni yangu, na kesho yake wakapiga kwa namba nyingine. Mambo yakanifika kooni. Mwisho nikadai kuongea na mkubwa wao. Akaja simuni mwanamume mmoja mpole kupita kiasi, akanieleza kwamba kwa utaratibu wao, aliyewahi kuchangia hafutwi, huwa anapumzishwa tu kwa muda. Wanaofutwa kabisa, alisema, ni waliofariki.

Nikamwambia basi afute, baba amefariki.

Akanipa pole nzuri sana, na toka siku ile simu haikulia tena, hata wale wengine waliacha, nadhani habari walipeana kama walivyopeana namba. Niliimba kwenye cherehani, nakuambia. Nilimnunulia baba dawa yake, nikamwekea matone mwenyewe, nikajiona mimi ndiye mtoto aliyezaliwa na akili katika nyumba hii.

Lakini baba aliendelea kunyoa ndevu kila asubuhi. Kumbe alikuwa ananyoa kwa ajili ya ile simu! Anavaa shati safi, anakaa kwenye kiti cha dirishani, simu juu ya goti. Inapita asubuhi, inapita mchana. Aliniuliza kama mtandao umekatika. Akaomba nimpigie, ajue kama inaita. Nilikwenda jikoni nikampigia, na nilimwona kupitia mlango jinsi alivyonyooka, akakohoa kusafisha koo, akaitika kwa ile sauti yake ya zamani ya usukani. Aliposikia ni mimi, alisema sawa, inafanya kazi, akaiweka chini. Hapo ningemweleza. Sikumweleza, nilirudi kwenye cherehani.

Baadaye alijikokota mpaka kwa kinyozi, akamwomba amtafutie namba ya yule binti na kumpigia. Haya niliyapata kwa kinyozi mwenyewe, ambaye tangu hapo haniangalii usoni. Binti alipokea. Baba alijitambulisha kwa furaha, akamuuliza kwa nini amemtupa. Binti akasema kwa heshima kwamba huo si utani mzuri, kwamba mzee mwenye namba hiyo alishafariki, na bintiye mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa. Akasema yule mzee alikuwa mtu mwema na yeye alimlilia. Kisha akakata. Simu ilikuwa kwenye spika, na wateja wote waliokuwa wakinyolewa walisikia.

Nilimwona baba akirudi, polepole, ameshika ukuta. Nikasimama kumpokea. Aliingia, akavua kofia, akanipa mkono kama mgeni, akaniambia pole na msiba. Kisha akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Nilipiga magoti nje ya mlango ule nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Nilimweleza habari za dawa ya macho, za pensheni, za yule mkubwa wao na utaratibu wake. Hakufungua. Siku hizi hasusi kwa makelele, hiyo ingekuwa nafuu. Nikimpelekea supu ananiambia, kwa adabu kabisa, kwamba marehemu hali. Anakunywa chai kidogo, basi. Nilimleta daktari, akampima, akasema hana ugonjwa wa kuutaja ila anapungua, na mtu wa umri ule akiamua kupungua, hakuna sindano ya kumzuia. Na usidhani wale wameishia hapo. Walileta barua ya rambirambi kwa familia ya marehemu, na chini yake wakatuomba tuchangie kwa kumbukumbu yake. Baba aliomba nimsomee. Nikamsomea, ningefanyaje? Akaniambia nichangie, maana marehemu alikuwa mtu wao.

Utasema hasira zilinituma, na mimi nimekuwa nikimwambia hivyo kila anayeniuliza. Lakini wewe ni damu yangu, acha nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Yule mkubwa wao hakutaka maelezo, neno moja lingetosha. Mimi ndiye niliyeendelea. Nilimwambia baba alikwenda usingizini, hakuteseka. Nilimwambia watu walikuwa wengi, na kwamba tulimlaza karibu na mama. Nilimwambia wewe uliwahi kufika. Yalitoka yenyewe, moja baada ya jingine, bila kutafuta neno, na machozi yakanitoka ya kweli. Kumbe yalikuwa yameshakaa tayari kichwani mwangu. Na nilipoweka simu chini, mdogo wangu, nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Nililala vizuri siku hiyo. Nampenda baba, Mungu ni shahidi, na nililala vizuri.

Tangu afunge ule mlango ameniuliza swali moja tu. Ilikuwa juzi, nikimbadilishia shuka. Aliniuliza kama nilipowapa wale habari za kifo chake nililia. Nikamjibu ndiyo, baba, nililia kweli. Akafikiri, akasema basi vizuri, hilo limekwisha, mara ya pili nisijisumbue.

Kwa hiyo nakuandikia. Sikuiti uje umponye, hutamponya, nimeshamwona. Wala usije kunigombeza, nafasi hiyo nimeijaza mwenyewe. Waombe ruhusa wakubwa zako, na wakikunyima, ondoka hivyo hivyo. Mlete na mtoto kama njia inaruhusu. Msalimie sana wifi, mwambie zile nguo za mtoto nilishazimaliza, zipo sandukuni. Majirani wanakusalimu, hasa kinyozi.

Ukifika usipite kwangu kwanza. Nenda moja kwa moja chumbani kwake, umpe shikamoo. Mimi nampa kila asubuhi, hajibu. Labda ya kwako ataiitikia.

Ni mimi dada yako,
Kidomodomo