Usiyapokee Malori kwa Mwandiko Wangu

Majengo, Moshi
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Sylvanus,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mpanda? Goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, maana ndoa yetu ina wiki tano na bado kila nikiamka namtazama Filemon nikijiuliza nilimfanyia Mungu jambo gani zuri. Mama naye hajambo huko kihambani kwenye migomba yake, ila baridi ya mwezi huu imemfungia jikoni.

Harusini tulikukosa. Fungu lako la ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, alilila babu, akasema anakutunzia.

Mjomba, utashangaa bibi harusi kukuandikia habari za alternata. Ningeweza kupiga simu, lakini nataka uwe na karatasi mkononi.

Yale malori sita ya zamani ya jeshi, ambayo kampuni yenu iliyanunua mnadani, yako hapa gereji kwa Mzee Kastori. Unajua Filemon ndiye fundi umeme wake na mimi ni karani, ndipo tulipopendana. Jumatano tulipima alternata, kama zinachaji betri. Filemon anawasha taa zote, anapiga resi, mimi nimesimama juu ya bampa nasoma mita. "Ishirini na nane, mume wangu!" Naye kutoka kwenye kebini: "Isome tena, nimeipenda hiyo sauti!" Mafundi wakatuzomea. Sikujali.

Lori linalochaji vizuri husimama kwenye volti 28 hata taa zikiwaka. Manne yalifika. La pili na la tano yalibaki 24, yaani betri inaliwa tu na hakuna kinachorudi.

Mzee Kastori akasema mita ni mambo ya watoto wa shule. Akashika spana, injini zikinguruma, akachomoa waya wa betri, lori moja baada ya jingine, cheche zikiruka. Mafundi wa zamani walipima hivyo magari madogo ya petroli: injini ikizima, alternata ni mbovu. Yote sita yakaendelea kunguruma.

"Sita kwa sita!" akashangilia.

"Mzee, hii ni dizeli ya kizamani," Filemon akamwambia. "Ikishawaka haihitaji umeme. Hata ukiing'oa hiyo alternata ukaenda nayo kunywa chai, itanguruma tu."

"Wewe mangi mdogo, umeoa juzi, leo unanifundisha kazi?"

Wakacheka wote. Tulipopima tena, la kwanza na la sita, yaliyokuwa mazima asubuhi, nayo yalibaki 24. Kule kuchomoa waya ndiko kulikoziunguza alternata zake.

Unajua Mzee Kastori alichofanya? Alifuta mikono yake yenye grisi kwenye daftari langu, akaniambia niandike 28 kwenye fomu ya ukaguzi, yote sita, huku anachokonoa meno.

Nami nikaandika, Mjomba. Mara sita, kwa mwandiko wangu ule uliokuwa ukiusifia nikiwa kidato cha nne. Niliogopa Filemon atafukuzwa, na chumba chetu hata pazia hakijapata. Kastori ananichefua, lakini siku ile nilijichefua mimi zaidi.

Filemon alipoletewa fomu asaini, hakunigombeza. Aliweka kalamu chini, akasema, "Dora, na madereva wa haya malori wana wake zao." Nililia, na nikampenda upya.

Kastori amempa mpaka Jumatatu asaini au abebe vifaa vyake aondoke. Amesema fomu itakuja kwako, kwa saini yake au ya yeyote, na malori yataondoka tarehe 24.

Kwa hiyo shika ukweli huu: yanayochaji ni la tatu na la nne tu. Mengine manne, giza likiwakuta madereva kwenye mteremko, taa zitafifia hadi zizime. Usiyapokee. Tuma mtu wako mwenye mita, apime taa zikiwaka, na asiruhusu mtu kugusa waya wa betri injini ikifanya kazi. Dereva wako Efraimu, aliyekuja kukagua matairi, anarudi kesho kwa basi na barua hii. Aliona yote kwa macho yake.

Filemon hatasaini. Jumatatu tutalibeba sanduku la vifaa wawili, kila mtu upande wake. Anasema ndiyo fungate yetu.

Msalimie Mama Monica, na Monica mwenyewe umwambie gauni alilonishonea lilinikaa kama ngozi. Mungu awalinde ninyi na wote wanaoendesha kwa amri yako.

Ukiulizwa nani kakuambia, usinifiche. Litaje jina langu lote.

Mwanao anayekupenda sana,
Theodora Filemon,
niliyeandika 28 mara sita