Matanga Niliyoyafunga Mapema

Kibaigwa, Dodoma
2 Aprili, 2024

Mdogo wangu mpendwa Paulina,

Nakusalimu sana wewe na shemeji hapo Sumbawanga. Kifua chako kimepoa? Watoto je, hawajambo? Mimi meno yangu yote yapo, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mtu wa darasa la tatu. Haya hayasemeki kwa simu, majirani wanasikia.

Nyumbani si kwema. Tangu tulipomzika mwanangu Jordan, mwezi sasa, mkewe Lea hasemi, chakula anakisukuma. Zahanati wamempima, malaria hana. Maziwa yanamkauka na mtoto ana miezi minne. Nakamua mbuzi mwenyewe, lakini mtoto anatapika.

Kosa ni langu, usimwambie mtu. Watu walikuja na mikeka kukaa matanga, siku ya pili nikawaambia waende. Nikasema boma la Chilewa halijawahi kushindwa na jambo. Jirani yangu Loisi, yule mjane, akanijibu mbele za watu, "Mzee, msiba huu si ng'ombe, utaufungia peke yako zizini?" Nikamfukuza naye.

Basi wiki iliyopita ndege wamevamia uwele wa Lea. Naamka, namkuta Loisi na wajane wenzake watatu shambani wanafukuza ndege, hakuna aliyewaita. Wakamchukua Lea wakamkalisha katikati yao. Wanapiga madebe, wakichoka wanasimulia waume zao walivyokufa, wanalia, halafu wanacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya ua nasikiliza. Juzi Lea akasema, "Jordan naye alikuwa anakoroma." Akanywa uji nusu kikombe. Jana akagoma tena.

Loisi anasema matanga yakaliwe upya Jumamosi ya wiki ijayo, na shangazi wa marehemu amnyoe Lea nywele. Shangazi ni wewe tu. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu warudi na mikeka yao. Mimi, Paulina! Barua hii anakuletea Iddy, dereva wa lori la mahindi. Ukiisoma, panda basi, usingoje mvua ikatike.

Wasalimie shemeji Gaudence na binti yenu Edina. Mungu akushike mkono njiani. Ukifika ukae karibu yangu, maana tangu tumzike mimi sijalia bado, na naogopa kuanza peke yangu.

Wako akupendaye, kaka yako,
Abeli Chilewa