Kifaranga Mwenye Shingo Tupu

Jumapili, 6 Aprili
Baada ya ibada nimesafisha banda, nimebadilisha maji. Vifaranga watano wa juma lililopita, wote wazima. Wanne weupe, miguu minene: baba ni jogoo wa kisasa wa jirani yangu, Mama Kapinga. Wa tano ni kahawia, kishingo kama mama yake. Shingo tupu, ila kishada kidogo cha manyoya mbele. Kishada hicho maana yake amerithi shingo kwa mzazi mmoja tu.
Dume au jike, bado mapema. Mama Kapinga huwashika miguu, kichwa chini: anayetulia ni jike. Wote wakapigapiga mabawa. "Mwalimu, weye uko na kambi ya askari!" Nimecheka peke yangu hadi jioni.

Alhamisi, 24 Aprili
Mama wa vifaranga amekufa. Lori la mawe, hapo barabarani. Nimeumia kuliko nilivyotarajia.
Marehemu mke wangu, Ntumba, alileta kishingo wa kwanza kutoka kwao Mulungwishi tulipooana. Ukoo haujakatika tangu hapo. Sasa amebaki kifaranga mmoja.
Mwisho wa Juni tunaondoa matanga ya Ntumba. Watoto wote watakuja. Bibiche, binti yangu, atapika madume yote. Ni kanuni ya mama yake mwenyewe: dume la sufuria, jike la nyumba.
Nataka awe jike. Nimeandika, basi.

Jumanne, 13 Mei
Nimewaweka mezani mmoja mmoja. Cha kutazama ni kilemba cha kichwani: kikikua na kuwa chekundu mapema, ni dume. Weupe wawili madume, wawili mitetea. Sina shaka.
Kishingo: kilemba kidogo, mkia umeota mapema kama wa jike. Lakini miguu minene, kama ya dume. Kwa kuku wa mchanganyiko unene huo unaweza kuwa urithi wa baba tu. Nangoja.

Ijumaa, 6 Juni
Shingo ya kishingo imekuwa nyekundu. Ni jua tu, si dalili ya dume. Ngozi tupu huungua.
Bibiche amecheka. "Papa, jua gani? Minye niko navaa makoti mawili!"
Nimekasirika. Kweli ni baridi.
Manyoya ya kiunoni sikuyatazama. Ya dume huchongoka, ya jike huwa duara. Sikutaka.

Alhamisi, 26 Juni
Amewika.
Bibiche alikuwa uani, amesikia. Akaendelea kusugua sufuria. Afadhali angenitania.
Kisha nikakumbuka kile kishada. Mzazi mmoja anatosha, awe mama, awe baba. Mpe jogoo huyu mtetea yeyote, karibu nusu ya watoto watatoka shingo tupu. Somo nililofundisha kila mwaka, kwa chaki, ubaoni. Huzuni ilinifanya nidhani ukoo unapita kwa majike tu, kwa sababu aliyeuleta alikuwa Ntumba.
Nimemweleza Bibiche kwa mchoro kwa nini huyu asipikwe. Amesikiliza hadi mwisho. "Sawa, Papa. Lakini kwa Mama, weye utajibu."
Nitajibu.

Jumapili, 29 Juni
Wageni wameondoka. Madume wawili weupe walitosha, pamoja na samaki wa Ziwa Tshangalele. Mama Kapinga ameniazima mtetea mweusi.
Asubuhi kishingo amewika tena, vibaya, kama bawaba kavu. Nimesimama mlangoni na bakuli la pumba hadi akamaliza.