Boma la Kaka Zadock

Seme, 14 Januari 1966

Kaka yangu Zadock,

Pokea salamu za watu wote wa nyumbani. Baba hajambo, mguu tu ndio unamsumbua. Mke wangu Dorca na watoto ni wazima, na natumaini reli ya Tabora haijakumaliza. Naandika Kiswahili kama ulivyoagiza, ili mkeo Mnyamwezi na watoto wasome bila mkalimani.

Kitabu changu cha kwanza cha watoto kimetoka. Maneno yangu, picha zangu, jina langu juu ya jalada. Wachapaji wa Nairobi wametuma nakala sita. Mbili ni za wanao, Ogola na Aoko, nimeandika majina yao ndani. Yule kiboko wa ukurasa wa tisa ni Baba akitoka kuoga, lakini usimwambie.

Sasa nyumba, kaka. Bado niko kwenye kile kibanda nilichojenga hapa kwa Baba nikiwa kijana, mimi na mke na watoto watatu. Nachorea juu ya kitanda. Sheria ya kwetu unaijua: mkubwa atangulie kusimamisha boma lake, ndipo mdogo naye atoke kwa baba. Nikikupita, balaa itakayoingia kwenye ukoo nitaambiwa ni yangu. Njoo siku tatu tu. Uje na mkeo na mwanao wa kwanza ashike jogoo wa kufungulia boma, Baba akuonyeshe kiwanja, tupige kibanda, kisha urudi kazini. Hakuna atakayeuliza kama utalala humo tena.

Mdogo wako,
Dishon

Tabora, 3 Machi 1966

Mwalimu Dishon, mdogo wangu,

Nashukuru kusikia mko salama. Sisi hatujambo, ila joto la huku halina adabu.

Vitabu vimefika. Ogola hakiachi chake hata akila. Aoko anauliza mbona kiboko ana meno makubwa hivyo na hana mswaki. Nimemwambia amwulize baba yake mdogo. Mama yao alicheka mpaka ugali ukaungua.

Nyumba isikutie hofu. Desemba napata likizo, nakuja na kikosi chote.

Kaka yako mkubwa,
Zadock

Seme, 20 Aprili 1968

Kaka Zadock,

Habari za huko? Sisi tuko, Mungu anatusaidia.

Desemba mbili zimepita. Sikulaumu, nauliza tu. Watoto sasa ni wanne. Juzi paa lilivuja, picha kumi na moja za kitabu kipya zikalowa. Wachapaji wanataka kila rangi niichore kwenye karatasi yake, nyekundu peke yake, njano peke yake, na maji yakazigandisha zote pamoja. Nimelia, omera, ndugu yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Wachapaji wamenipa mpaka Agosti. Nilitaka kupanga chumba mjini Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Baba akasema mtoto mmoja amemezwa na reli, hatoi wa pili.

Tena nimejiponza mwenyewe. Katika kitabu changu cha pili kuna ndege wawili, na mdogo anajenga kiota kabla ya mkubwa. Nilitaka watoto wa shuleni kwangu wacheke, basi. Wakaenda kusimulia nyumbani. Jumapili wazee watatu wakatoka kanisani moja kwa moja mpaka kwetu, kitabu mkononi, wakamwuliza Baba kama mwanawe amemzika kaka yake angali hai. Baba hakunisemesha wiki mbili.

Nitumie picha ya Ogola na Aoko. Kitabu kinachofuata nataka kuwachora wao.

Mdogo wako,
Dishon

Seme, 9 Novemba 1969

Kaka Zadock,

Salamu. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama reli ingekuua wangetuambia.

Baba haamki tena kitandani. Wachapaji wamechoka kuningoja, kile kitabu wamempa mtu mwingine. Kama mkeo ndiye hataki kuja, sema. Kama tumekukosea, sema. Humu ndani napumua kwa zamu na watoto.

Mdogo wako,
Dishon

Tabora, 11 Januari 1970

Dishon,

Sijui nianze na salamu gani.

Hakuna mke. Alikuwepo, mwaka wa hamsini na saba, kwa miezi saba, kisha akarudi kwao. Mimi nilikuwa nimeshamwandikia Baba kwamba ana mimba, ili aache kuniuliza. Basi mtoto ikabidi azaliwe. Baadaye Baba akaomba wa pili, na wa pili naye akazaliwa. Kila barua ikawakuza. Mtu asiye na mke wala mtoto atasimamishaje boma? Nije nisimame peke yangu mbele ya ukoo?

Habari ya mswaki niliiuliza mimi. Vitabu vyako ninavyo vyote, navisoma nikitoka kazini. Naona aibu, ndugu yangu, aibu ya kufa.

Nimemwuliza mzee mmoja wa kwetu aliye hapa stesheni. Anasema mkubwa akikiri kwamba hana mke wala watoto, wazee wanaweza kumpisha mdogo. Msomee Baba barua hii. Utajenga.

Zadock

Seme, 2 Februari 1970

Kaka Zadock,

Dorca na watoto hawajambo. Baba yuko vilevile.

Barua yako niliipata Jumamosi. Nilikasirika hata nikashindwa kuwaitikia watu njiani. Miaka yote hii nimelala nimejikunja kwa ajili ya watoto ambao hawapo. Jumapili nikaenda kwa Baba nayo mfukoni, nimeshaamua kuisoma.

Nikamkuta ameegemezwa kwenye mito, anamweleza Dorca jinsi mjukuu wake atakavyotangulia mbele yenu na jogoo. Akaniuliza Ogola amefikia urefu gani. Barua niliiacha mfukoni. Nikachukua penseli nikamchora, nikasema amefika begani kwangu. Baba akaishika ile karatasi muda mrefu, akasema pua ni ya mama yetu.

Barua yako nimeichoma. Dorca hajui. Nimemwambia Baba mtakuja mvua zikiisha, na bado analala na ile karatasi.

Andika upesi useme Ogola yuko darasa la ngapi, maana siku yoyote ataniuliza, na tusije tukapishana maneno.

Mdogo wako,
Dishon